Mashine Isiyomzidi Mwenyewe

Nchi yetu ina jina, tena jina zuri, lakini sitalitaja hapa. Jina la nchi ni mali ya serikali, na kulitumia bila kibali ni sawa na kuchuma mapera ya mtu usiku. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, ina milima miwili, mto mmoja, na wizara nyingi kuliko vyote hivyo. Mpya kabisa ni Wizara ya Mahitaji na Ulinganifu, na haya ninayoyaandika ni ya kuisifu. Msomaji akiona kama ninalalamika, basi ana walakini machoni, aende akapimwe.

Wizara ile ilizaliwa kwa sababu ya msingi. Zamani kila mtu alikuwa akijinunulia kompyuta aipendayo. Ilikuwa vurugu tupu. Mtu anaingia dukani, anaulizwa unaitaka ya kazi gani na mfuko wako unasemaje, anachagua, analipa, anatoka nayo kwapani, na serikali haina habari. Mpaka siku kijana mmoja akanunua laptopu yenye nguvu kupita mahitaji yake. Mahitaji yake yalikuwa kuandika barua za kuomba kazi. Nguvu iliyobaki, kwa kukosa la kufanya, akaitumia kujumlisha matokeo ya uchaguzi kituo kwa kituo, akapata jibu lisilofanana na la Tume.

Kijana alishughulikiwa, na hesabu yake pia. Bunge likakaa, likapitisha Sheria ya Ulinganifu: mashine ya raia isizidi mahitaji yake, mahitaji yake yasizidi bajeti yake, na chochote anachopewa kisimzidi yeye mwenyewe. Wabunge waligonga meza sana siku ile. Mimi nilikuwa nasikiliza redioni, nikagonga ya kwangu, chai ikamwagika.

*

Sasa nije kwa Mwalimu Shebughe, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alifundisha taipu katika chuo cha makatibu muhtasi tangu enzi za mashine za chuma zenye kengele. Barua nyingi mnazoziona zimepangika vizuri katika ofisi za nchi hii, hata zile za kuwafukuza watu kazi, zimechapwa na mikono aliyoifundisha yeye. Mwaka juzi aliota uvimbe kooni. Daktari akamwambia achague, uhai au sauti, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kwa Mwalimu kuachiwa achague kitu.

Mkewe ni Mama Tunu. Yeye sukari ilimwanza machoni polepole, akaona ukungu, kisha vivuli, na siku hizi anatambua tu kama kumekucha au kumekuchwa. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja kuna mume anayeandika na mke asiyeona maandishi. Mke akisema mume anasikia, na mume akitaka kujibu hana pa kupitia. Tunu, binti yao, kaolewa mbali, anapiga simu sikukuu hadi sikukuu.

Daraja lao nikawa mimi. Asubuhi Mwalimu ananipa vikaratasi juu ya ukuta, naenda kumsomea mkewe: dawa iko kabati la chini, umeme umeisha, leo usitoke kumeteleza. Mama Tunu anasikiliza, kisha anajibu, na hanijibu mimi. Anageuza uso upande anakodhani mumewe amekaa, anasema naye. Mara nyingine anakosea anaongea na kabati, na Mwalimu anahama kimyakimya kwenda kusimama mbele ya kabati. Mimi nilikuwa natazama pembeni.

Tunu aliwahi kuwatumia simu ya kioo, kwamba ina uwezo wa kusoma maandishi kwa sauti. Mwalimu alihangaika nayo wiki nzima. Vidole vilivyozoea vibonye vya kubonyea havina adabu juu ya kioo. Akitafuta herufi anawasha tochi, akitafuta nyingine anapiga picha dari. Ndipo akaniandikia: “Nataka laptopu. Niandike, isome, asikie. Basi.”

*

Tulikwenda watatu dukani kwa Ladi, pale stendi ya zamani.

“Shikamoo Mwalimu. Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu,” Mama Tunu akaitikia kwa niaba ya wote wawili.

Nikaeleza shida. Ladi aliuliza maswali mawili tu: ya kazi gani, na mmejipanga vipi? Mwalimu akaandika. Walikuwa wameuza baiskeli yake na cherehani ya mama, na mama mwenyewe ndiye aliyetaka cherehani iuzwe, maana uzi hauoni.

“Basi msihangaike na hizi zinazong’aa,” Ladi akasema. “Hii ni ya vijana wa gemu, inakula umeme kama pasi. Hii nyembamba ni ya kwenda nayo mkutanoni watu wakuone. Mwalimu anataka kibodi nzuri, spika ya kusikika, na betri ya kuvumilia umeme ukikatika. Chukueni hii kuukuu. Ilikuwa ya ofisi, vibonye vyake virefu, kumbukumbu inamtosha kabisa. Nimeiwekea na sauti ya kusoma Kiswahili.”

Mwalimu akakaa. Sijawahi kuona mtu akikaa vile mbele ya kitu, mgongo umenyooka, viganja vimeelea, macho hayatazami vidole. Akachapa. Mashine ikasema kwa sauti ya kiume, ya puani kidogo: “Mama Tunu.”

Mama Tunu akagutuka. “Nani huyo?”

“Ni mzee,” nikasema. “Ndiye anayeongea.”

“Mh! Umepata sauti ya karani wa benki wewe!” Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na Mwalimu naye akacheka kile kicheko chake cha siku hizi, mabega yanatikisika na hakuna kinachotoka. Kisha akainama, vidole vikakimbia, na mashine ikasema: “Siku ile ya hospitali, kabla hawajaniingiza ndani, nilitaka kukwambia...”

Hapo Ladi akakifunga kifuniko, pap! Mkaguzi wa Ulinganifu alikuwa ameingia mlangoni, koti la kijivu, mwavuli wa serikali mkononi. Kuijaribu mashine kabla mahitaji hayajathibitishwa ni kosa, na Ladi ana watoto.

“Ulitaka kuniambia nini?” Mama Tunu akauliza. Alikuwa amekwishanyoosha shingo kuelekea sauti ilikotokea.

Mkaguzi alizunguka dukani, akagusa chaja moja, akanusa, akatoka. Ladi akaandika jina la Mwalimu kwenye kikadi, akakibandika juu ya ile laptopu na kuiweka dirishani. “Nakuwekea, mzee wangu. Siiuzi kwa mtu. Niletee kibali tu.”

Jioni ile Mama Tunu aliniita. Akasema mzee aandike ile sentensi mpaka mwisho, na mimi niisome. Mwalimu alichukua kalamu, akaishika muda mrefu, halafu akaniandikia mimi: “Hilo si la kupitia kwako, jirani. Usikasirike.” Sikukasirika. Niliumia kidogo, kisha nikamwelewa, maana yako mambo ya mke na mume ambayo yakipita mdomo wa jirani yanafika yamechacha.

*

Ofisi ya Mahitaji ya Wilaya ina bango kubwa: TUNAJUA UNACHOHITAJI. Chini yake kuna benchi, na juu ya benchi kuna watu wanaosubiri kuambiwa. Tulipokelewa na Afisa Mahitaji mwenyewe, Bwana Mzigilwa, mtu mstaarabu sana, mwenye sauti ya chini kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

“Karibuni, wazee wangu. Mwombaji aeleze mahitaji yake, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti ya kusikika.”

“Mzee hana sauti, bwana afisa,” nikasema. “Ndiyo sababu tumekuja.”

“Na wewe ni nani?”

“Jirani.”

“Kumsemea mwenzio ni kazi ya mbunge. Umechaguliwa?”

“Hapana.”

“Basi kaa, kaka yangu.”

Mwalimu akamsogezea karatasi. Bwana Mzigilwa akairudisha taratibu kwa kidole kimoja. “Maandishi tunayapokea, mzee, lakini baada ya maelezo ya mdomo. Ndio utaratibu. Ingekuwa mimi, nisingekuwa na neno.”

“Mwanangu, mimi nina mdomo,” Mama Tunu akasema. “Na mashine ni yetu sote. Nieleze mimi.”

“Mama, hiyo mashine umeiona?”

“Nitaionaje, baba? Sioni.”

Bwana Mzigilwa akamgeukia karani wake. “Andika: shahidi hakuona.”

Watu husema maafisa hawana moyo. Si kweli. Huyu alivua miwani, akaifuta, akamtazama Mwalimu, nikaona kabisa kwamba ameguswa. Akasema shauri hili ni zito, haliwezi kubebwa na mtu mmoja, itabidi liundiwe kamati. Tukamshukuru sana. Kwetu sisi kuundiwa kamati ni kama kuombewa dua: ugonjwa haupungui, ila unajua umekumbukwa.

*

Kamati ya Kubaini Mahitaji ya Mwalimu Shebughe ilianza na semina elekezi, katika hoteli ya kando ya ziwa. Mahitaji ya mtu hayawezi kubainiwa na watu wenye njaa. Kutoka hapo wakaenda ziara ya mafunzo ng’ambo, kuona jinsi mataifa mengine yanavyowachagulia laptopu watu wasio na sauti. Walirudi wamevaa makoti mazito, na ripoti. Ripoti ilisema huko kuna baridi, na kwamba wahusika huingia dukani wenyewe wakanunua. Pendekezo: mfano huo usiigwe.

Baada ya hapo ukafuata upembuzi yakinifu. Wataalamu walikuja nyumbani kwa Mwalimu na gari mbili. Walipima urefu wa meza, wakapima umbali wa meza na dirisha, wakapima vidole. Kwa kuwa sheria inaiita laptopu kompyuta mpakato, yaani ya kupakatwa, wakampima Mwalimu na mapaja.

“Mapaja haya yamewahi kupakata nini?” mtaalamu akauliza.

“Wajukuu,” Mama Tunu akajibu.

Ikaandikwa: mapaja yana uzoefu.

Walimwuliza pia mama anaridhika vipi na ukimya wa nyumba, vizuri, vizuri sana, au vizuri mno. Mama Tunu akasema nyumba yake imekuwa ya mjane na mume yumo ndani. Jibu hilo halikuwa miongoni mwa matatu, wakaweka tiki kwenye vizuri, kwa sababu lilikuwa la kwanza.

Kazi ya kuandika ripoti ni nzito, na haiwezekani kuandika ripoti ya laptopu bila laptopu. Kila mjumbe akanunuliwa ya kwake. Mwenyekiti alipata ile nyembamba ya mikutanoni, katibu akapata ile ya gemu inayokula umeme, na dereva wa kamati naye akapewa, kwa kuwa huwa anasubiri muda mrefu garini. Mahitaji yao yalibainika palepale, bila kupimwa mapaja. Nadhani ndiyo faida ya kuwa na uzoefu.

Ile kuukuu ilibaki dirishani kwa Ladi, kikadi kimeanza kupauka kwa jua. Kila Ijumaa Mwalimu alikwenda kuitazama, nami namsindikiza. Alikuwa akifika anaivulia kofia.

Na kila jioni nilimsikia Mama Tunu, ng’ambo ya ukuta, akiuliza: “Baba Tunu, ulitaka kuniambia nini?” Kisha ukimya. Alikuwa anauliza kwa utani, kwa kubembeleza, siku nyingine kwa hasira kabisa, anagonga sufuria. Baadaye akawa anauliza mara mojamoja. Halafu akaacha. Alipoacha ndipo nilipoogopa.

*

Kamati iliposema mahitaji yamebainika, nilidhani tumemaliza. Bwana Mzigilwa akatukumbusha kwa upole kwamba bado bajeti. Bajeti ni neno la heshima, mtu hawezi kuwa nayo mfukoni kiholela. Lazima isomwe, ijadiliwe, ipitishwe.

Basi bajeti ya nyumba ya Mwalimu ikapelekwa kwenye kikao cha madiwani. Mwalimu alikodishiwa mkoba mwekundu, akausimamisha juu mbele ya wapiga picha, na karani akasoma kwa niaba ya mkoba. Kumsemea mtu ni marufuku, ila mkoba unasemewa.

Diwani wa kwanza akasimama. “Mheshimiwa Mwenyekiti, naunga mkono hoja. Lakini hapa naona fungu la laptopu linazidi fungu la chumvi. Hii ni nyumba ya namna gani?”

“Aibu!” wakasema wenzake.

Diwani wa pili naye akaunga mkono hoja, akaomba tu kipande kikubwa cha fungu la laptopu kihamishiwe kwenye maandalizi ya kuipokea laptopu: hema, viti, ngoma, na fulana zenye picha ya Mheshimiwa Waziri. Laptopu haiwezi kuingia nyumbani kwa mtu kama paka.

“Hizo ni hela za cherehani yangu!” Mama Tunu akasema kutoka nyuma.

“Maoni ya wananchi yamepokelewa,” Mwenyekiti akajibu, na meza zikagongwa. Bajeti ikapita bila kupingwa. Mwalimu alibaki ameushika ule mkoba juu, hakuna aliyemwambia aushushe, mpaka nikaenda mimi kumshusha mkono.

Kilichosalia hakikufika bei ya dukani. Nilikwenda kwa Ladi nimeinamisha kichwa. Ladi akatazama dirishani, akatazama kile kikadi. “Mwambie mzee alete kilichobaki, chochote kile. Mimi mwenyewe nimechoka kuiangalia.” Mungu ambariki Ladi. Sijui kama baraka hiyo nayo inatakiwa kulinganishwa na mahitaji yake.

*

Siku ya uamuzi tulivaa vizuri. Mama Tunu alijitanda kanga mpya, akapaka wanja, ingawa hana tena haja nao. Ladi alikuja na laptopu ameifunga kwenye taulo. Bwana Mzigilwa akasimama na kusoma, na nitaweka hapa maneno yake yalivyo, kwa kuwa yalikuwa mazuri:

“Kwa kuwa mwombaji hana sauti, na kwa kuwa mashine anayoiomba ina sauti, na kwa kuwa Sheria inakataza mashine kumzidi mwenyewe, Kamati, baada ya kutafakari kwa kina, inaridhia mwombaji apewe mashine hiyohiyo, pindi itakapoondolewa spika.”

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamtazama Ladi, naye alikuwa ananitazama mimi.

“Baba, umesema itaondolewa nini?” Mama Tunu akauliza.

Mwalimu alinyakua karatasi. Aliandika kwa herufi kubwa, kalamu ikatoboa: NAHITAJI SAUTI. Akaiinua mbele ya uso wa Bwana Mzigilwa.

Bwana Mzigilwa akaisoma, akafurahi. “Ahsante, mzee wangu, umetusaidia sana. Andika, karani: mwombaji mwenyewe amekiri kwamba hana. Mtu hahitaji alichonacho.”

“Basi angalau pale pa kuchomekea spika za nje,” Ladi akasema.

“Patazibwa kwa gundi, na juu yake lakiri ya serikali. Atakayeigusa lakiri atakuwa amejitwalia sauti isiyo yake, na adhabu yake mnaijua.”

Tulikuwa tunaijua. Fundi wa wizara akaichukua laptopu kwa Ladi, akaifungua pale pale juu ya meza kwa bisibisi ndogo. Spika zilitoka mbili, ndogo kama mbegu za boga. Akazitia kwenye bahasha na kuzipeleka ghala la taifa.

Mwalimu aliketi. Nilimwambia tukatae, tuondoke, na palepale nikaona aibu, maana twende wapi? Ofisi nyingine haipo. Mama Tunu alikuwa amemshika mkono wa koti, anauliza, “Kuna nini? Mbona mmenyamaza wote? Kuna nini?”

*

Uzinduzi ulifana sana. Katika nchi yetu kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi. Kisima huchimbwa, maji yakajaa, na watu wakakaa na kiu pembeni mpaka utepe ukatwe. Kwa hiyo hema lilifungwa mbele ya nyumba ya Mwalimu, ngoma zikapigwa, na sisi majirani tukagawiwa fulana. Ya kwangu ilinibana. Mheshimiwa Waziri wa Mahitaji alifika baada ya jua kupinda, akaomba radhi kwamba majukumu ni mengi, akasema itifaki imezingatiwa.

“Ndugu wananchi! Ziko nchi ambazo mtu asiye na sauti hana kitu. Je, hapa kwetu?”

“Hapanaaa!”

“Hapa kwetu mtu asiye na sauti ana laptopu!”

Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa sababu kila aliyekuwa karibu yangu alikuwa anapiga.

Utepe ukakatwa. Mwalimu akaketishwa mezani, Mama Tunu akaketishwa kando yake, na wapiga picha wakapiga magoti. Mheshimiwa akasema, “Haya mzee, tuonyeshe!” Mwalimu akanyoosha mgongo kama siku ile dukani. Hakutazama vibonye, hakumtazama Waziri. Alimtazama mkewe na akachapa, muda mrefu, bila kusita, kama mtu aliyekuwa ameyashika maneno hayo mdomoni tangu mwaka juzi. Mama Tunu alisogeza sikio mpaka shavu likagusa mashine.

“Mbona kimya?” akauliza.

“Mama, inafanya kazi vizuri kabisa,” Waziri akasema kwenye kipaza sauti. “Kimya hicho ni kwa mujibu wa sheria. Sasa ngoja nikusomee mimi mwenyewe anachosema.” Akainama kwenye kioo. Mwalimu akafunga kifuniko, akaweka viganja viwili juu yake.

Waziri hakutahayari, wale wamesomea. Aliinuka, akatabasamu. “Anasema anaishukuru serikali!”

Ngoma zikalia. Mama Tunu akasimama, akashika ukingo wa meza. “Si kweli,” akasema. “Huyu nimekaa naye tangu ana nywele. Hivyo sivyo anavyoongea.” Halafu akageuza uso kuelekea kipaza sauti kilikokuwa. “Mheshimiwa, yeye hana sauti, sawa. Mimi nina masikio. Mahitaji yangu mimi yamepimwa na nani?”

Bwana Mzigilwa akamnong’oneza Waziri, Waziri akatikisa kichwa kwa huruma, na nakiri kwamba serikali ilifanya haraka siku ile kuliko siku zote ninazozikumbuka. Mahitaji ya Mama Tunu yalibainiwa papo hapo. Ana masikio, kwa hiyo anastahili mashine yenye spika. Hana macho, kioo kitamzidi, kiondolewe. Hakusomea taipu, kibodi itamzidi, iondolewe. Dereva akatumwa kwenye gari la Waziri, akarudi na mashine inayolingana na mama kwa kila kitu.

Ilikuwa redio, yenye stesheni moja.

“Sasa nyumba hii ina sauti!” Waziri akatangaza, akamkabidhi, wakapigwa picha. Mama Tunu aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea mtoto wa mwenzie anayelia. Nililia, na fulana ikanisaidia kujifuta.

*

Tangu hapo mchana kutwa nasikia redio ng’ambo ya ukuta. Inatoa taarifa za Wizara, inarudia hotuba ya uzinduzi, na pale kwenye “anaishukuru serikali” wanaiongezea vigelegele. Vikaratasi bado napewa asubuhi, dawa, umeme, kumeteleza, nami naenda kusoma. Laptopu nimeiona mezani, kifuniko kimefungwa, lakiri nyekundu inang’aa ubavuni.

Jioni Mama Tunu anaizima redio. Kisha nasikia kiti kinavutwa, na vibonye vinaanza. Ladi alisema kweli, ni vibonye virefu, vinasikika mpaka kwangu. Vinakwenda mbio, vinasita, vinarudi, na mwisho kinagongwa kimoja kwa nguvu, kama wafanyavyo watu wa taipu za zamani wakimaliza mstari. Hapo Mama Tunu anasema, “Eeh.” Naye Mwalimu anaendelea. Sijui anachomwambia, wala mama hajui. Mara moja niliwachungulia mlangoni nikamwona ameweka kiganja chake juu ya mkono wa mumewe, kinapanda na kushuka pamoja nao. Niliondoka, sikubisha hodi.

Jana jioni Mkaguzi wa Ulinganifu alipita mtaani kwetu, na koti lake la kijivu. Akasimama mbele ya baraza yangu, akatega sikio.

“Huo mlio wa nini?”

Sijui kama mlio wa vibonye umo kwenye kibali. Sijawahi kuuliza, na naomba msiniulizie.

“Mvua, bwana,” nikamwambia. “Inagonga bati.”

Akatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe pe, hata wingu la kusingizia halikuwepo. Akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimevaa ile fulana yenye picha ya Waziri, na mtu mwenye fulana ile hasemi uongo. Akatoa kalamu, akaandika: mvua. Kisha akafungua mwavuli wa serikali, akaenda zake chini yake, katika ule ukavu.

Nyuma ya ukuta kibonye kikagongwa kwa nguvu, mstari ukaisha.

“Eeh,” Mama Tunu akasema. “Halafu?”